Unga wa Mfupa Baada ya Kung'oa Jino: Mambo ya Kuuliza Kabla Hujalipa

Msomaji wa Mombasa ameandika kwamba wiki ijayo anang'olewa gego la chini, na daktari amemwambia alipie pia "unga wa mfupa" wa kujaza tundu. Anauliza: ni lazima, au ni biashara? Wanaouliza hivyo ni wengi, basi jibu naliweka hadharani.

Cha kwanza jiulize nini kitakaa kwenye pengo hilo mwakani. Ukitaka jino la kupandikiza, lile la skrubu ya titaniamu, unga una hoja. Ukikusudia meno bandia ya kuvaa na kuvua, au kuliacha pengo lilivyo, mara nyingi pesa yako ibaki mfukoni. Gego la mwisho kabisa, lile linaloota ukubwani, kwa kawaida halihitaji chochote. Penye utata ni daraja la meno ya mbele, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani: ufizi ukizama, jino la daraja huonekana refu na chini yake hubaki kivuli kila ukicheka.

Mfupa unaozunguka tundu husinyaa jino likitoka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulishika. Ukuta wa nje, upande wa mdomo na shavu, ni mwembamba. Kwenye meno ya mbele ya juu mara nyingi haufiki hata mm 1. Sehemu ya damu yake hupitia kwenye nyuzi zinazofunga jino na mfupa, na nyuzi hizo huondoka na jino. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003, kwa magego makubwa na madogo, ulikuta upana wa ukingo wa mfupa ukishuka kwa wastani kutoka mm 12 hadi mm 5.9 ndani ya mwaka mmoja. Theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya mwanzo.

Sasa piga hesabu. Skrubu ya kipenyo cha mm 4 inataka mfupa wa mm 1.5 hadi 2 upande wa nje na angalau mm 1 upande wa ndani. Jumla ni mm 6.5 hadi 7, na hizo 5.9 hazitoshi. Unga hauzuii msinyao wote. Kwa wastani huokoa mm 1 hadi 2 za upana. Anayekuahidi kwamba mfupa utabaki kama ulivyokuwa anakuuzia maneno. Lakini hizo mm 2 ndizo mara nyingi zinazoamua kama skrubu itaingia bila upasuaji mwingine.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba uamuzi wa mwisho haufai kufanywa kabla jino halijatoka. Jino likishatoka, daktari apime kuta za tundu kwa kijiti chenye alama za milimita. Kuta zote nne zikiwa nzima na nene, kuna njia mbili zisizohitaji kujaza tundu kwanza: kuweka skrubu siku hiyohiyo, au kusubiri wiki 6 hadi 8 ufizi ufunge kisha kuiweka kabla mfupa haujasinyaa sana. Ukuta wa nje ukiwa umeliwa na usaha au umevunjika, hapo unga ni wa maana, na pengine na utando wa kuziba upande uliokosekana. Kwa hiyo kubaliana naye mapema: unga uwepo mezani, ila pakiti isifunguliwe mpaka kuta zipimwe. Pakiti ikifunguliwa haifungwi tena kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Ni yako na utailipia.

Muulize pia atang'oaje. Gego lenye mizizi miwili au mitatu likatwe, kila mzizi utolewe peke yake. Daktari anayelazimisha kwa koleo akavunja ukuta wa nje, kisha akakutoza unga wa kuuziba, amekuuzia dawa ya jeraha alilolitia mwenyewe.

Unga wenyewe ni chembechembe za kati ya mm 0.25 na 1, na asili yake hutofautiana. Upo wa ng'ombe, ambao huyeyuka polepole mno kiasi kwamba chembe zake huonekana kwenye eksirei miaka mingi baadaye. Upo wa binadamu aliyefariki na kuchangia mfupa, uliosafishwa na kukaushwa. Huo hugeuka mfupa wako haraka zaidi. Upo wa kutengenezwa kiwandani kwa madini ya kalsiamu. Waislamu waulize juu ya unga na juu ya utando, kila kimoja peke yake, maana vinaweza kutoka kwa wanyama tofauti: unga uitwao Bio-Oss ni wa ng'ombe, lakini Bio-Gide, utando unaotumika nao mara nyingi, ni wa kolajeni ya nguruwe. Utando wa ng'ombe na wa plastiki upo pia. Taja unachotaka wakati wa miadi, usisubiri kiti kimeshalazwa.

Kazi yenyewe ni fupi. Tundu la mzizi mmoja hula takriban g 0.25 hadi 0.5, gego linaweza kufika g 1. Tundu hukwanguliwa nyama yote mbovu kwanza; ikibaki, maambukizi huanzia hapo. Unga hulowekwa kwa maji ya chumvi au damu yako, ukajazwa bila kushindiliwa, kwa sababu mishipa ya damu inahitaji nafasi ya kupenya, na usipite kimo cha mfupa. Juu hufunikwa na kushonwa.

Wanaopaswa kungoja au kuacha ni wenye usaha unaotoka, wenye sukari isiyodhibitiwa, waliowahi kupigwa mionzi ya saratani tayani, na wanaotumia dawa za mifupa kama alendronate au zoledronic acid. Mtajie daktari wako kila dawa unayotumia, hata ile ya sindano ya mara moja kwa mwaka. Mvuta sigara ajue anachoma pesa mara mbili. Miraa na ugoro navyo viwekwe kando hadi ufizi ufunge.

Saa 24 za kwanza usisukutue, usinyonye kwa mrija, usiteme kwa nguvu. Baadaye sukutua taratibu kwa maji ya chumvi. Chembe chache kama mchanga mdomoni si tatizo. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, harufu mbaya, au chembe zinazomwagika kwa wingi ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14, na skrubu husubiri miezi 4 hadi 6.

Aliyeng'oa jino miaka iliyopita bila unga bado anaweza kupandikiza mfupa, ila huo ni upasuaji mkubwa zaidi: ufizi hufunguliwa, utando hupigiliwa pini, na kungoja hufika miezi 6 hadi 9. Aanze na eksirei ya pande tatu ya taya. Wapo ambao upana wao ukipimwa hukutwa bado unatosha.