Mbwa Ananuka Gesi: Anzia Kwenye Sufuria

SWALI: Nina mbwa wawili wa ulinzi. Mkubwa ni German Shepherd wa kilo 30. Kila jioni wanapewa posho (ugali) na maharage yaliyobaki mezani, wakati mwingine na maziwa. Ni miezi miwili sasa huyu mkubwa anajamba mno, tumbo linanguruma, na kinyesi ni laini. Jirani anasema nimpe vidonge vya tumbo vya watu. Nifanyeje?
Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu msomaji, vidonge hivyo viache. Tunayashuku zaidi maharage. Yana aina ya sukari ambayo mbwa hana kimeng'enya cha kuivunja, basi inapita nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanaichachusha. Gesi inatoka hapo. Maziwa nayo ni hivyohivyo, maana mbwa aliyekomaa huwa na upungufu wa kimeng'enya cha sukari ya maziwa. Tena maharage ya mezani huungwa kwa kitunguu, na kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa hata kikiwa kimeiva. Hilo peke yake linatosha kuyakataza.

Maharage na maziwa vikome leo. Kwa mbwa wa kilo 30, pima kwa siku unga wa mahindi gramu 200, nyama au matumbo ya ng'ombe gramu 350, mukene (dagaa) mkavu gramu 60 na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia. Mukene iliyoanikwa chini huja na mchanga, kwa hiyo ikung'ute na kuiosha mara mbili. Chemsha nyama na mukene bila chumvi wala kitunguu, kisha koroga unga humo na uuache kwenye moto mdogo nusu saa. Posho iliyopikwa haraka hubaki na wanga mbichi, na huo nao huenda kuchacha utumboni. Unga wenye harufu ya ukungu utupe, usimwekee mbwa. Sumu ya ukungu huua ini lake. Pumba pia zisiwe chakula kikuu.

Nyama usiianze yote kwa mkupuo: siku mbili za kwanza robo ya kipimo, mbili zinazofuata nusu, kisha robo tatu, na siku ya 7 kipimo kizima. Gawa chakula mara mbili, asubuhi na jioni. Walishe mbali mbali, kwa sababu mbwa wanaoshindania chakula humeza hewa pamoja na tonge. Akiendelea kufakamia, mtandazie chakula kwenye sinia pana, au weka bakulini jiwe safi lisiloweza kuingia mdomoni mwake.

Kinyesi laini kinatufanya tufikirie minyoo pia. Fenbendazoli hutolewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, siku 3 mfululizo. Kwake ni miligramu 1,500 kila siku. Minyoo tegu inayoletwa na viroboto haifi kwa dawa hiyo. Hiyo huhitaji dawa ya prazikwanteli, na viroboto wenyewe lazima waondolewe, la sivyo itarudi.

Zikipita wiki 3 bila nafuu, peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo. Akikonda huku anakula sana, na kinyesi ni kingi, cheupe na chenye mafuta, mwambie daktari achunguze kongosho. Aina hii ya mbwa ina udhaifu huo.

Lakini tumbo likivimba ghafla na kukaza kama ngoma, akajaribu kutapika bila kutoa kitu, akadondosha mate na kukosa utulivu, usingoje asubuhi. Tumbo limejipinda, na saa chache tu zinaweza kumuua.

SWALI: Mtoto wa mbwa wa wiki 8 anavimba tumbo kila akinywa maziwa ya ng'ombe. Kwa nini?
Msomaji, Busia

JIBU: Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi kuliko ya mama yake, na umri huo hayahitaji tena, mpe chakula laini mara 4 kwa siku, na maji. Tumbo la duara juu ya mbavu zinazoonekana ni dalili ya minyoo. Dawa huanza wiki ya 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi atimize miezi 6. Kinyesi chake kifukie kila siku, kwani mayai ya minyoo hiyo huambukiza watoto wanaocheza uani.