Tyubu moja iliyotupotezea ahadi za watu

Mwaka wa kwanza mpwa wangu alipoingia mbio za baiskeli za vijana za kuchangia wanyamapori, kule mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, njia ilikuwa kilomita 30. Aliishia kilomita ya saba.

Majirani zetu hapa Nakuru walikuwa wameahidi kwa kilomita: huyu shilingi 5, yule 20. Jumla ilifika 150 kwa kila kilomita, kwa hiyo angemaliza angepeleka 4,500. Alipeleka 1,050, na hata hizo nilizifuata mlango kwa mlango wiki mbili nzima. Usiku wa mechi, wakati wa kuahidi, kila mtu ni mkarimu. Jumatatu simu haishikwi.

Kilichomwangusha ni mwiba wa mgunga, mweupe, mrefu kama sindano ya gunia. Alishuka, akang'oa, akabandika kiraka, akajaza upepo. Hakwenda hata nusu kilomita. Nilipomfikia alikuwa amekaa kwenye vumbi na gurudumu mapajani. "Mjomba, imekufa tena." Ncha ya mwiba ilikuwa imebaki ndani ya tairi, inatoboa kila kiraka anachoweka. Tukafungua solusheni nyingine, kumbe imekauka kwenye mfuniko. Mzee mmoja akatushauri tujaze nyasi ndani ya tairi. Tulijaza. Usijaribu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujafikiria helmeti ya rangi gani, mpe mtoto tyubu mbili mpya na pampu inayofungwa kwenye fremu, kisha mkalishe uani abadilishe tyubu mwenyewe mpaka aweze bila kukuuliza. Akishatoa tyubu, apitishe kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima, taratibu. Kitambaa kitanasa palipo na ncha; kidole kitachomwa. Fundi wetu wa mtaani alimfundisha kwa jioni mbili kwa bei ya soda.

Baiskeli yenyewe haihitaji kuwa ya bei. Ila Black Mamba ya kubebea gunia la mahindi iacheni nyumbani: ni nzito, haina gia, na breki zake za vyuma hazikufai kwenye mteremko wa changarawe. Mazoezi tuliyafanya Menengai, kupanda hadi ukingoni, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Vumbi la huko ni laini kama unga, na ndilo lililomfundisha kupunguza upepo kidogo kwenye tairi na kutoshika breki ya mbele akiwa mchangani. Kusafirisha baiskeli hadi Naivasha, patana na makanga kabla hazijapandishwa kwenye keria. Zikishafungwa kamba, bei ni yake.

Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache nchini unapoweza kuingia kwa baiskeli, na kuna nyati. Siku ya mbio askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wapo, lakini siku ya mazoezi hawakufuati nyuma. Ukiona nyati dume amesimama peke yake, wewe pia simama, mbali, mpaka aondoke. Pundamilia na ngiri watakupisha wenyewe.

Sasa pesa. Mwaka wa pili tuliacha mambo ya kilomita. Kila mtu alitoa kiasi alichotaka, papo hapo, kwa M-Pesa moja kwa moja kwa waandaaji, na kijana akaandika jina na kiasi daftarini mbele ya mtoaji. Mfukoni mwake hazikupita. Watu wa hapa wamechoka na harambee zisizo na hesabu, na siwalaumu.

Na mwambie asizunguke akisema "tunaokoa mazingira." Achague mnyama mmoja amjue. Wangu alichagua tai mzoga, wale wanaotaga kwenye majabali ya Hell's Gate. Nilidhani amepotea njia. Si angechagua faru, na tunao hapa Ziwa Nakuru? Akaanza na mwenye bucha.

"Tai? Hao si wananingoja mimi nife?"

Kijana akamweleza kwamba mtu akiliwa ng'ombe na simba au fisi, hupaka mzoga sumu ili kulipiza, na wanaokufa kwa makundi ni tai, maana wao hushuka wengi kwa pamoja. Tai wakiisha, mizoga inaoza ilipo na mbwa koko wanazidi. Mwenye bucha akaacha kunoa kisu. Harufu ya mzoga anaijua kuliko sisi sote. Akatoa 500, kisha akaita mteja aliyekuwa anasubiri matumbo: "Hebu msikilize huyu."

Kijana alimaliza wa tatu kutoka mwisho. Pancha alipata moja, akaiziba mwenyewe. Bucha ile sasa ina daftari lake la mwaka ujao limetundikwa kwenye msumari, karibu na mizani, na kuna majina sita ambayo hatukuyaomba.