Barua kwa Mwanangu: Kozi Yenye Majina Mawili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lako si jepesi kama ulivyoliandika. Umepata nafasi chuo kikuu katika kozi ya ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, na unaniuliza kama uhamie kozi inayofundisha ustawi peke yake, kwa kuwa unachopenda ni kuketi na mtu mmoja na kumsikiliza, ilhali mikutano ya vikundi, miradi na bajeti inakuchosha hata kabla hujaianza. Umeongeza, kwa utani nadhani, kwamba kozi yenye majina mawili huenda haijui hata moja. Jibu langu ni kwamba usihame, na sababu zake nitazieleza kwa urefu kuliko ulivyoomba.

Mvutano huo kati ya majina mawili ni mkongwe kuliko shahada yenyewe. Mwaka 1869 kilianzishwa London chama cha kuratibu misaada ya hisani, ambacho kilichunguza hali ya kila familia iliyoomba msaada kabla ya kuipa chochote. Katika mkondo huohuo, nchini Marekani, alitokea Mary Richmond, ambaye mwaka 1917 alichapisha kitabu kilichoweka utaratibu wa kukusanya na kupima ushahidi kuhusu maisha ya mteja. Ripoti za uchunguzi wa kijamii tunazoandika hata leo zina alama za mkono wake. Mkondo wa pili ulianza mwaka 1884, pale Samuel na Henrietta Barnett walipofungua Toynbee Hall mashariki mwa London, ili wasomi wa vyuo vikuu wahamie katika mtaa wa maskini badala ya kuutembelea tu. Jane Addams aliiona nyumba hiyo, na mwaka 1889 yeye na Ellen Gates Starr wakafungua Hull House mjini Chicago. Kitu ninachokipenda katika habari za Addams si ile Tuzo ya Amani ya Nobel aliyoipata mwaka 1931, bali ni kwamba mwaka 1895 alikubali kazi ya ukaguzi wa taka katika kata yake, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mtaa ambao taka zake hazizolewi hauwezi kuwa na watoto wenye afya, hata kama kila mgonjwa atauguzwa kwa upendo namna gani.

Upande mmoja, basi, uliuliza kuna nini ndani ya nyumba hii, na upande wa pili ukauliza kuna nini mtaani, na kila mmoja ulikuwa na upofu wake. Upofu wa ule wa kwanza ninaujua vizuri, kwa sababu ulikuwa wangu.

Nilipoanza kazi, nikiwa na cheti cha miezi michache na moyo mwingi, nilikabidhiwa jalada la mzee mmoja aliyeishi peke yake na ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kukataa. Nilimtembelea kila juma, nikamfuatia dawa, nikamjazia fomu, na ripoti nilizoandika zilisifiwa na msimamizi wangu. Baada ya muda nilipewa kazi nyingine kwa miezi kadhaa, na niliporudi nilimkuta amedhoofu kuliko siku ya kwanza nilipomwona. Jirani aliyekuwa akimchotea maji kabla sijafika, na kijana aliyekuwa akimsindikiza kliniki, wote wawili walikuwa wameacha. Walinieleza, bila kinyongo chochote, kwamba walidhani mzee sasa ana mtu wake. Sikuwa nimewafukuza. Sikuwa hata nimewauliza majina yao.

Mtu aliyesomea maendeleo ya jamii angeanza pale nilipokosea, kwa kuuliza ni nani tayari anamfanyia mzee huyu nini, na ni kitu gani kidogo kingewarahisishia watu hao kuendelea. Chuoni utafundishwa njia hiyo ya kuhesabu uwezo uliopo kabla ya kuhesabu mapungufu, ambayo wasomi wa Marekani John Kretzmann na John McKnight waliieleza kwa kina mwaka 1993. Usiidharau kwa kuwa inaonekana rahisi, kwani mimi niliifikia kwa gharama ya afya ya mtu mwingine.

Sasa uchukue upande wa pili, ambao wewe unauogopa. Mkutano wa mtaa unaweza kwenda vizuri kabisa, mahudhurio yakatimia, kila mtu akaafiki, mradi ukapita, na katika safu ya nyuma akawa ameketi mwanamke asiyesema neno kwa sababu mwenyekiti wa kamati ndiye mume anayempiga nyumbani. Muhtasari utaandika kwamba wanajamii wameshirikishwa. Mwandishi wa Marekani, Sherry Arnstein, aliupanga ushirikishwaji mwaka 1969 katika ngazi yenye vidato 8, kutoka ghiliba hadi wananchi kushika hatamu wenyewe, na ni ngazi yenye manufaa sana. Lakini kumwona mwanamke yule, kumfuata baadaye bila kumweka hatarini, na kuketi naye mpaka anyanyue macho, hiyo ni kazi ya yule anayependa kumsikiliza mtu mmoja. Kwa maneno mengine, ni wewe unayehitajika katika mikutano unayoikimbia. Hata fasili ya kimataifa ya taaluma hii, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inasema kwamba inashughulika na watu pamoja na mifumo, wala haimruhusu mtu kuchagua kimoja.

Umegusia pia maneno ya rafiki zako, kwamba moyo mwema haufundishwi darasani. Wanasema kweli, ila huendi kuufuata huko. Utafundishwa kuuwekea mipaka. Utajifunza kutomwahidi mtoto kwamba siri yake hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu akikueleza kwamba anaumizwa utalazimika kusema, na ahadi iliyovunjwa itamfunga mdomo kwa miaka. Utajifunza kwamba kuandika "alikuwa amelewa" ni hukumu, na kuandika "alinuka pombe na alishindwa kusimama bila kushika ukuta" ni ushahidi ambao hakimu anaweza kuutumia na mteja mwenyewe akausoma bila kuona ametukanwa. (Nimesahihisha ripoti za wafanyakazi wapya kwa miaka mingi, na karibu kila mara kalamu yangu huishia kwenye vivumishi.) Sheria, saikolojia ya ukuaji na takwimu utazisoma kama wanavyosoma wengine, takwimu zitakusumbua, kisha zitaacha.

Juu ya mshahara sina maneno mengi: katika fani hii wengi hulipwa kidogo kuliko uzito wa kazi yao, na hilo unalijua kwa kunitazama mimi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mafunzo kwa vitendo. Hapo ndipo majina hayo mawili hukutana au hushindwa kukutana, na vyuo vinatofautiana sana. Kabla hujaithibitisha nafasi yako, waandikie uwaulize kama shahada hiyo inatambuliwa na chombo kinachosajili wanataaluma wa ustawi wa jamii mahali unapotaka kufanya kazi, maana kozi zenye majina mapana wakati mwingine huachwa nje. Kisha uliza utakaa muda gani mafunzoni, kama utapangiwa penye kesi za mtu mmoja mmoja na pia penye kazi ya vikundi, na ni nani atakayeketi nawe kila juma kupitia ulichokifanya. Wakikujibu kwamba wanafunzi hujitafutia nafasi wenyewe na msimamizi huja mara moja kusaini fomu, hapo nitabadili ushauri wangu, nawe utafute chuo kingine, ila chenye majina yote mawili.

Nitumie majibu yao kama yalivyo, usinifupishie.

Mimi mama yako