Muulize Mzee wa Saiba: "Mume wangu anavua kambakoche wa mwaka 2007"

Swali: Mzee wa Saiba, shikamoo. Mume wangu ana miaka 37, kazi yake nzuri na watoto wawili tunao. Kila usiku baada ya isha anajilaza kwenye kochi na simu, anavua kambakoche. Si wa baharini, wa kwenye gemu. Picha zenyewe mbovu, watu wana vichwa vya pembe kama waliochongwa kwa panga. Mwanangu wa miaka 13 anamcheka. Nilipomuuliza kwa nini asicheze gemu mpya, akasema mpya ipo, tena ya kampuni hiyo hiyo, ila yeye anaitaka ya 2007. Na kila mwezi anailipia! Nani analipia kikuukuu na kipya kipo? Anaibiwa, au ana tatizo?
*Mke wa Mvuvi, Kisauni*

Jibu: Marahaba, bibie. Mumeo simjui kwa jina, lakini huenda kiti changu alishakikalia. Kati ya 2005 na 2010 nilikuwa na saiba Mwembe Tayari, kompyuta tisa, na kila siku mbili kati ya hizo ziko wazi mgongo zinatengenezwa. Kebo ya chini ya bahari ilikuwa haijafika Mombasa, ilikuja 2009, kwa hiyo tulitegemea setilaiti, na mvua ikinyesha wateja wananidai dakika zao. Kwenye mashine kama zile gemu za maana hazikuwaka. RuneScape, gemu ambayo mumeo anacheza toleo lake la 2007, iliwaka. Ndugu wawili wa Uingereza, Andrew na Paul Gower, ndio walioianzisha, ikafunguliwa Januari 2001. Iliandikwa kwa Java, ikafunguka ndani ya brauza bila CD na bila kumwomba mwenye saiba ruhusa. Mimi niliigundua kwa kuona vijana watano wameganda mbele ya skrini na hakuna anayepiga kelele. Nilidhani wanatazama mambo ya aibu.

Walikuwa wanavua kambakoche.

Ngoja nikueleze hao kambakoche, maana jibu lako limo humo. Kuna kisiwa kinaitwa Karamja. Unapanda meli bandari ya Port Sarim, nauli sarafu 30, unashuka kijiji kinachoitwa Musa Point (vijana wangu jina hilo waliliona la kwao kabisa). Unatembea mpaka gatini, unatega dema lako, unangoja. Mfuko una nafasi 28. Dema linakula moja, sarafu zako moja, zinabaki 26 za kambakoche. Ukijaza unarudi melini, unalipa 30 nyingine, na kabla ya kupanda afisa wa forodha anakupekua kama umebeba pombe ya kisiwani. Huna nauli ya kurudi? Kuna shamba la ndizi hapo hapo. Chuma ndizi kumi, zipange kwenye kreti, mwenye shamba akupe sarafu 30, upande meli. Nimewahi kumwona mtoto wa darasa la saba akichuma ndizi huku dakika zake za kweli zinayoyoma, shilingi moja kwa dakika, ili tu arudi bara na samaki wake.

Sasa hesabu. Kila kambakoche mmoja anakupa pointi 90 za uvuvi. Kiwango cha juu kabisa ni 99, na kukifikia kunataka pointi 13,034,431. Ngazi zenyewe zina ujanja: ukifika 92 ujue ndiyo kwanza uko nusu ya safari. Mtu akivua kambakoche peke yake tangu kiwango cha 40, ambacho ndicho kinachomruhusu kuwagusa, anahitaji zaidi ya kambakoche 144,000. Gawanya kwa 26. Ni safari zaidi ya 5,500 za kwenda na kurudi.

Ukiniambia huo ni wazimu sibishi. Lakini angalia matokeo yake. Mtu akipita mbele yako amevaa joho la uvuvi, lile ambalo ni mwenye 99 tu anayeweza kulivaa, hakuna haja ya kuulizana. Unajua alikaa. Na kwa kuwa uvuvi wenyewe ni kubonyeza mara moja kisha kungoja, mikono inakuwa mitupu, na mikono mitupu huzungumza. Gati la Karamja lilikuwa baraza. Kijana wangu mmoja alijifunzia pale Kiingereza chote alichokwenda nacho kwenye mtihani, pamoja na matusi ambayo mwalimu wake hakuyaelewa.

Halafu wenye gemu wakaanza kuivunja. Desemba 2007 waliondoa mapigano huru ya mchezaji kwa mchezaji kwenye nyika iliyoitwa Wilderness, na Januari 2008 wakazuia watu kupeana mali bila kulingana thamani. Sababu walikuwa nayo, kulikuwa na biashara kubwa ya kuuza dhahabu ya gemu kwa pesa taslimu. Lakini dawa hiyo ilimpiga na asiye mgonjwa: hata kumpa mdogo wako zawadi ya maana ikawa haiwezekani. Walikuja kurudisha vyote viwili 2011 baada ya kupigisha kura. Mwaka 2012 wakaleta gurudumu la bahati nasibu, Squeal of Fortune. Mwenye pesa alinunua mizunguko, na kati ya zawadi zilikuwemo pointi zile zile ambazo wewe ulizivulia. Novemba mwaka huo huo wakabadilisha mapigano yote kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimeshafunga saiba, nikaingia usiku mmoja kujiburudisha, nikakuta skrini imejaa vitufe kama rimoti ya king'amuzi. Mikono yangu haikujua pa kushika. Nilikufa kwa jitu ambalo 2006 nilikuwa naliua huku nakunywa chai.

Watu wakahama. Februari 2013 kampuni yenyewe, Jagex ya kule Cambridge, ikasema imepata nakala ya akiba ya Agosti 2007, je, wanaolipa wanataka ifufuliwe? Zikapigwa karibu kura 450,000. Seva zilifunguliwa tarehe 22 Februari, hata upigaji kura haujafungwa. Ndiyo Old School RuneScape anayocheza mumeo, na tangu Oktoba 2018 inachezeka kwenye simu kwa akaunti ile ile ya kompyuta. Mwaka 2025 walipita wachezaji 200,000 kwa wakati mmoja. Huyo mkongwe amempita mbali mwenziwe mpya wa nyumba hiyo hiyo.

Watu husema ni kumbukumbu za ujana tu, ya kale dhahabu. Mimi msemo huo siuamini sana. Nimeona ya kale mengi ambayo ni kutu, na Windows ya 2000 hakuna anayeililia. Mtoto wa dada yangu mwaka 2007 alikuwa bado ananyonya, leo anavua Karamja hiyo hiyo. Ujana gani anaoukumbuka? Anachokipenda, ameniambia mwenyewe, ni kwamba hakuna wa kumpita kwa M-Pesa. Tena kuna jambo moja ambalo kwenye ile ya zamani ya kweli halikuwepo: wachezaji wanapiga kura. Kitu kipya kikubwa hakiingii mpaka wengi wakikubali. Mwanzoni ilitakiwa asilimia 75, siku hizi ni 70. Mwaka 2019 waliletewa fani mpya iitwayo Warding. Walioitaka walikuwa theluthi mbili hivi, na bado ikatupwa. Fani ya kwanza mpya kupita ni ya usafiri wa majahazi, imeingia Novemba 2025, kwa hiyo jiandae, bibie, mvuvi wako sasa atakuwa nahodha.

Kuibiwa haibiwi. Ada ni ya mwezi na inajulikana, mwambie akuonyeshe risiti, na kama inagusa karo ya watoto hapo una haki ya kufoka. Kama haigusi, siku moja kaa naye umwulize ana kiwango gani. Usicheke akikujibu.

Swali: Mzee, habari za Mombasa. Mimi nacheza World of Warcraft Classic, ile gemu ya mtandaoni iliyorudishwa kama ilivyokuwa zamani. Nasikia wenyewe Blizzard waliwahi kukataa katakata kuirudisha. Ilikuwaje wakageuka? Na walitoaje kitu cha zamani hivyo, walikuwa wamekihifadhi mahali?
*Mwanachuo, Dar es Salaam*

Jibu: Nzuri, mwanangu. Kukataa walikataa, tena hadharani. Mwaka 2013 kwenye tamasha lao la BlizzCon mchezaji mmoja alisimama akauliza kama watafungua seva za matoleo ya zamani. Aliyejibu ni J. Allen Brack, mmoja wa wakubwa wa gemu hiyo. Akamwambia hapana, nanyi mnadhani mnaitaka, lakini hamuitaki. Mwaka ule ule, kumbuka, Jagex walikuwa wameshafufua ya kwao.

Wachezaji wakajifanyia. Kikundi kimoja kilichoendeshwa na Wafaransa kikafungua seva isiyo rasmi iitwayo Nostalrius, ya bure, ya toleo la kwanza. Ilipofungwa Aprili 2016 kwa barua ya mawakili, ilikuwa na wachezaji hai kama 150,000, na ombi la kuitetea likasainiwa na watu zaidi ya 200,000. Kisheria Blizzard walikuwa na haki yao, mali ni yao. Ila ukimfungia mtu duka kwa kuuza usichokiuza wewe, wateja watakuuliza basi mbona wewe hukiuzi. Novemba 2017 wakatangaza Classic, na aliyepanda jukwaani kutangaza ni Brack huyo huyo. Nilimheshimu kwa hilo. Wakubwa wengi wangemtuma msaidizi.

Kuhusu kuhifadhi, data za toleo la zamani la 1.12 walikuwa nazo, vita vyake, vijiji vyake, bei zake. Lakini programu ya zamani yenyewe ilikuwa na kasoro za usalama na haikuelewana na mitambo yao ya leo. Wakachukua injini mpya wakaimiminia data za kale. Jagex walikuwa na bahati zaidi, wao nakala yao iliwaka.

Seva zilifunguliwa Agosti 2019, na kilichonifurahisha mimi ni foleni. Mnyama wa kuuawa alikuwa mmoja, wanaomtaka ni mia, na watu wakajipanga mstari mmoja nyuma ya mwingine wakingoja zamu yao. Hakuna askari wala kamba. Mimi mtu wa kivuko cha Likoni nilitazama video ile mara tatu.

Na wewe unayeicheza unajua kwamba kuingia pangoni unahitaji wenzako wanne, na hakuna kitufe cha kukutafutia. Kitufe hicho kiliingia Desemba 2009, kwenye matoleo ya baadaye. Kwenye la kwanza unasimama mjini unaita mchezaji wa kuwaponya wenzake, nahitaji mganga, nahitaji mganga, kama kondakta wa matatu aliyebakisha kiti kimoja. Akipatikana mnatembea kwa miguu. Mkifika mmeshajuana majina. Mganga mbaya anajulikana seva nzima, na mwizi wa mali ya kikundi hapati kikundi tena. Kitufe kilipokuja watu walipata mapango mengi zaidi na majirani wachache.

Swali: Kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza dhahabu ya Old School na akaunti zilizokwisha kupandishwa, bei poa. Ninunue?
*Kijana wa Majengo*

Jibu: Usinunue. Ni kinyume cha masharti, akaunti inaweza kufungwa, na aliyeifungua kwanza anaweza kuirudisha kwake wiki ijayo huku pesa zako ameshazila. Kama unataka kugeuza pesa kuwa dhahabu kuna njia halali tangu 2015, hati zinazoitwa bondi. Unanunua kwa kampuni, unamuuzia mchezaji mwenzio, naye anazitumia kulipia uanachama wake. Mimi sizipendi, zinanikumbusha lile gurudumu, ila angalau hazikupi pointi hata moja.

Na usijione mjanja sana wa kutotapeliwa. Mwaka 2006 nilikuwa mtu mzima, mwenye biashara na leseni, mke na watoto watatu. Nilikuwa nimenunua vazi zima la chuma cha rune, la buluu, miezi miwili ya kuvua. Jamaa akanisogelea mjini akaniambia kwa heshima kubwa kwamba anatia nakshi ya dhahabu pembeni, bure, anafanya mazoezi ya ufundi. Nikampa kofia, akairudisha na kusema vazi litengenezwe lote kwa pamoja. Nikampa lote. Akatoweka. Nilipogeuka, vijana watano wa saiba yangu walikuwa wamesimama nyuma ya kiti changu, na mmoja, yule wa ndizi, akaniambia: "Pole, Mzee. Hiyo nakshi haipo."

Wiki ile nzima waliniachia kila mmoja kambakoche kadhaa, mpaka nikasimama tena.

Swali: Wewe mwenyewe bado unacheza? Uko kiwango gani?
*Msomaji wa Tudor*

Jibu: Uvuvi. 92.