Kumwandikia wasifu baba aliyekuwa askari: nilivyofanya kwa mzee wangu

Mleta uzi, pole sana kwa msiba. Umesema baba yako alikuwa polisi mstaafu, wazee wa ukoo wamekukabidhi wasifu, na hutaki usomeke kama barua ya ajira. Nami nilikabidhiwa kazi hiyo mzee wangu alipofariki, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Mchangiaji wa juu amesema weka vyeo vyote kuanzia konstebo. Viweke, lakini visizidi sentensi tatu. Alipiga depo, yaani mafunzo ya uaskari, Moshi mwaka fulani, akapanda hadi koplo, sajenti, akastaafu. Basi. Wenzake wa depo watakaokuja msibani wanavijua vyeo vyake kuliko wewe, na majirani havitawaambia kitu. Ila kama alikwenda Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, hiyo usiipite haraka. Watu husahau kwamba hata polisi walipelekwa, wanadhani ni wanajeshi wa JWTZ peke yao. Waulize wenzake walikuwa wapi.

Miaka ikikuchanganya, tafuta barua zake za uhamisho. Usipozipata, chukua vyeti vyenu vya kuzaliwa. Sisi kwetu kila mtoto ana mkoa wake, ukivipanga vile vyeti mezani umepata safari nzima ya mzee kikazi. Uhamisho wa Tabora kwenda Songea ndio ninaoukumbuka zaidi: treni ya Reli ya Kati hadi Dar, TAZARA hadi Makambako, halafu barabara, na mama ana mtoto mgongoni na kuku kwenye tenga kwa sababu alikataa katakata kuwaacha. Mzee alikwishatangulia kuripoti. Hapo ndipo mama anapoingia kwenye wasifu, na tafadhali asiingie kwa mstari mmoja wa "ameacha mjane". Wake wa askari wa enzi zile wamehama, wamelima, wamekaanga vitumbua kota, kwenye nyumba za polisi, ili mshahara ufike mwisho wa mwezi.

Tena anza na mama kabla hujaandika lolote. Kaa naye chumbani, wageni wakiwa nje. Mimi nilidhani namjua mzee, hadi mama aliponisimulia habari ya sabuni. Ilikuwa 1983, ile operesheni ya wahujumu uchumi ya Waziri Mkuu Sokoine, tuko Tabora. Waliokuwepo wanakumbuka: sukari hakuna, sabuni hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai. Mzee na wenzake wanapekua maduka na maghala ya walanguzi, miche ya sabuni inarundikwa kituoni. Jioni anarudi nyumbani mikono mitupu. Mama akamwuliza, "Baba Fulani, sabuni imejaa kituoni kwenu, na kaki zako hizi nazifua kwa majani?" Mzee akajibu kwamba ile ni kielelezo. Mama akamrushia kaki, akamwambia afue mwenyewe. Akazifua. Kota nzima ilimwona koplo ameinama kwenye karai, na majani yake ya mpapai, anasugua.

Niliisoma hiyo makaburini. Wazee wa polisi walicheka kuliko wote, maana wanajua rundo lile lilivyokuwa linapungua usiku.

Kitu cha pili: pekua makaratasi yake ya baada ya kustaafu. Watu wengi huishia kwenye "alistaafu akarudi kijijini", na miaka yote aliyokaa na familia bila zamu wala lindo haisemwi. Mama aliposhikwa na kisukari, mzee alinunua daftari kubwa akalichora mistari kama kitabu cha taarifa cha kituoni. Saa, tukio, hatua iliyochukuliwa. Nanukuu kama lilivyo: "Saa 12:15 asubuhi. Mgonjwa amepimwa. Amekunywa chai bila sukari. Amelalamika. Amesihiwa." Ukurasa mwingine: "Saa 10 jioni. Mgonjwa amekutwa na soda kwa jirani. Soda imekamatwa." Daktari wa kliniki alikuwa akiliomba hilo daftari kila wakienda, kwa sababu lilikuwa na kila kipimo na kila kidonge. Mzee hakuwa mtu wa kutamka mapenzi mbele ya watoto. Alikuwa anaandika ripoti.

Usimpake rangi pia. Mzee wangu alikuwa mkali, na sisi tulikaguliwa kucha na viatu kila Jumapili jioni kama makuruta. Nililisema hilo wazi, na dada zangu wakaitikia "kweli" kutoka kwenye viti vya mbele. Ukisema hakuwahi kumkosea mtu, kuna watu pale aliwahi kuwalaza mahabusu, watakuangalia tu.

Urefu: kurasa mbili za mkono, zisizidi, mshereheshaji atakukata. Msomaji awe mwenye sauti hata kama si mtoto mkubwa. Kwetu alisoma mjukuu, wakubwa tungeishia mstari wa kwanza.

Na kabla ya kusoma mbele za watu, mpelekee mama nakala aipitie. Wangu aliomba kalamu akafuta mistari miwili, na hapa pia siiandiki.