Mvua si yangu, mashimo ni yangu

Mliuliza wiki hii: mtu akiamini kuwa maisha yake yamo mikononi mwake, imani hiyo inamjenga au inamtesa? Huku Dodoma jibu linaonekana shambani kuliko darasani, maana msimu wetu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua hukatika mtama ukiwa umefika magotini.

Julian Rotter, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1966 kuhusu anayeona mambo yake yanatokana na anachofanya, na anayeona yanatokana na bahati, wakubwa au majaliwa. Kwa jumla yule wa kwanza hujaribu tena akikwama, na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, humpata kwa nadra zaidi. Ila tusigawe watu kama mbuzi na kondoo. Mtu yuleyule hulisimamia duka lake hadi senti ya mwisho, halafu presha yake anaiacha ipande itakavyo. Na anayesema "Mungu akipenda" jembe likiwa begani hajakata tamaa.

Imani ya kuwa maisha yako yamo mikononi mwako haiji kwa kuhubiriwa. Mwaka 1967 wanasaikolojia Steven Maier na Martin Seligman walionyesha kuwa mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia, baadaye wengi hawakukimbia hata njia ilipokuwa wazi. Mwaka 2016 wakageuza maelezo yao wenyewe: kulegea hakufundishwi, ndivyo ubongo unavyoitikia mateso yakirefuka. Kinachofundishwa ni "nikifanya hiki, kile kinabadilika". Kwa hiyo kumwambia aliyekata tamaa "jiamini" ni kupoteza pumzi. Mpe kazi ndogo ambayo matokeo yake atayaona kwa macho.

Chukua mashimo ya Chololo, mashimo ya kupandia yanayotunza maji ya mvua, yenye jina la kijiji cha huku Dodoma. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30. Shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Ndani unatia samadi, majivu na mabaki ya mazao. Robo ekari inataka mashimo kama 1,850. Ukiitazama jumla hiyo utarudi kulala. Chimba 60 kila asubuhi kuanzia Oktoba mosi, na mwezi ukiisha umemaliza kabla ya mvua. Jioni yahesabu.

Msaada mwingine ni daftari, ila hapo watu hukosea. Ukigawa ukurasa pande mbili, "yangu" (ninayoweza kuyafanya) na "yasiyo yangu", wengi huandika "kuvuna magunia manane" upande wa yangu. Hayo ni matokeo. Upande huo andika kitendo, chenye idadi na siku, kama mashimo 60 kila asubuhi. Kosa chungu zaidi huja mvua ikikatika Februari: aliyeaminishwa kuwa kila kitu ni yeye, hasara inamgeukia aibu. Anakwepa vikao vya kikoba, anapita njia ya nyuma. (Wahamasishaji wa "ukitaka unaweza" wana deni hapa.) Na "yasiyo yangu" si ruhusa ya kukunja mikono. Mvua si yako, lakini kuchagua mbegu inayokomaa mapema ni kwako.

Usingizi, hamu ya kula na furaha ya vitu ulivyovipenda vikikupotea wiki mbili mfululizo, daftari halitoshi. Nenda zahanati, nao wakiona haja watakupa rufaa ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Siku hiyo upande wa "yangu" uwe na mstari mmoja tu: Jumatatu, zahanati, na jina la atakayekusindikiza.