Re: Toyota IST, niagize Japan au nichukue yadi hapa Dar?
Mkuu, mi nimepita njia zote mbili na ningekuwa we ningeagiza, ila usidanganyike na ile bei iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye tovuti, we angalia CIF (bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini) halafu ingia kikokotoo cha TRA weka modeli na mwaka uone kodi, usije ukazimia, na gari likishafika miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu juu yake. Bado hujamlipa wakala wa bandarini. Yadi wanakula cha juu sawa, ila unaliwasha, unazunguka nalo mtaa, unaondoka nalo leo leo. La kwangu la yadi kilometa zilirudishwa nyuma bana, nimekuja kujua kwa fundi hela ishaenda. Ukienda huko beba fundi wako, sio wa kwao.